Sura ya 7: Sumu Iliyoitwa Dawa ya Majani

Mkulima wa mahindi au ngano akiingia duka la pembejeo kutafuta kitu cha kuua magugu ya majani mapana, huenda akapewa chupa iliyoandikwa 2,4-D. Kemikali hiyo imo katika dawa nyingi za magugu zinazouzwa duniani. Kisha siku moja anasikia redioni kwamba kitu hichohicho kilimwagwa na ndege za Marekani katika vita vya Vietnam, na kwamba watu wanaugua mpaka leo. Hapo linazaliwa swali ambalo wengi huuliza: kama ilikuwa dawa ya majani, iliingiaje kwenye damu ya watu? Na je, ndiyo hii ninayoibeba mgongoni kwenye bomba?

Nianze na swali la pili, kwa kuwa jibu lake ni fupi: ndiyo, kwa nusu. Mchanganyiko uliotumika zaidi Vietnam, ulioitwa Agent Orange, ulikuwa na kemikali mbili kwa kipimo sawa, yaani 2,4-D na ndugu yake 2,4,5-T. Ya kwanza bado iko madukani, na mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Kwa hiyo anayeinyunyiza bila glavu na kwa mdomo wazi anajihatarisha. Ya pili, 2,4,5-T, ilifutwa kabisa Marekani mwaka 1985. Balaa la Vietnam lilitokana zaidi na hiyo ya pili, pamoja na kitu cha tatu ambacho hakikuandikwa kwenye pipa lolote.

Swali la kwanza ndilo zito. Kiswahili chetu huita dawa kitu kinachoponya na kitu kinachoua: tuna dawa ya malaria, dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya magugu. Neno hilo hulegeza mkono. Mtu anayesikia "dawa ya majani" huhisi kwamba majani ndiyo yatakayokufa na yeye atabaki salama. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba mamilioni ya watu wa Vietnam, na askari wa Marekani wenyewe, walidhurika kwa sababu silaha ilipewa jina la shambani, na jina hilo likaiondolea uangalifu ambao silaha yoyote ya sumu ingestahili. Jina hilo lilifungua njia ya kuitumia, likazuia maswali wakati inatumika, na baadaye likageuka kinga ya wale walioitengeneza.

Mmea unaokua mpaka kufa

Mimea ina homoni, yaani ujumbe wa kikemikali unaoiambia ikue lini na ielekee wapi. Kemikali za 2,4-D na 2,4,5-T huiga homoni hiyo. Mmea ulionyunyiziwa hupokea amri ya kukua bila kikomo: shina hujisokota, majani hujikunja kama yaliyoshikwa na moto, mizizi hushindwa kulisha mwili unaokimbia kuliko nguvu zake, kisha majani hupukutika. Nyasi, mahindi na ngano huvumilia. Mimea ya majani mapana hufa. Ndiyo maana zilipoingia sokoni miaka ya 1940 zilipokelewa kwa furaha, na mtu aliyeziona zikiondoa magugu bila kugusa ngano angeweza kuamini kwa dhati kwamba zinachagua pa kuua.

Tatizo lilikuwa jikoni zilikopikwa, yaani kiwandani. Ili kupata 2,4,5-T, mtengenezaji hupika kwanza malighafi yenye klorini kwenye joto na shinikizo kubwa. Moto ukizidi, sehemu ndogo ya malighafi hujiunga vibaya na kuzaa kitu kingine kabisa, kama maharage yanayoungua chini ya sufuria wakati ya juu bado yanaonekana mazuri. Kitu hicho ni dioksini. Ziko dioksini za aina nyingi, na iliyozaliwa hapa, TCDD, ndiyo kali kuliko zote. Haina kazi shambani wala hakuna aliyeikusudia. Ni ukoko wa upishi wa haraka, na kadiri kiwanda kinavyoharakisha mapishi ili kitoe mapipa mengi, ndivyo ukoko unavyoongezeka.

Kiasi chake kinaweza kumdanganya msomaji. Agent Orange ilikuwa na wastani wa gramu chache tu za TCDD katika kila tani, ingawa mapipa mengine yalizidi hapo mara nyingi. Makadirio ya mwaka 2003 yanaonyesha kwamba dioksini yote iliyomwagwa Vietnam kwa karibu miaka kumi ilifika kilo 366 au zaidi. Huo ni uzito wa magunia manne ya mahindi ya kilo tisini. Pikipiki mbili zingeubeba. Lakini dioksini hupimwa kwa sehemu ya trilioni, kipimo kidogo sana ambacho mizani ya dukani haiwezi hata kukiota, na kwa kipimo hicho magunia manne ni mengi mno.

Miaka ya kunyunyiza

Operesheni ya Marekani iliitwa Ranch Hand, jina la kibarua wa ranchi. Ilianza Januari 1962 na ndege yake ya mwisho iliruka Januari 1971. Ndege za C-123 zilipita chini, mita 45 hivi juu ya miti, kila moja ikiwa na tangi la lita 3,800 hivi. Tangi liliisha kwa takriban dakika nne, na nyuma ya ndege ukabaki ukanda wenye upana wa mita 80 na urefu wa kilometa 14 hivi, ambao baada ya wiki chache uligeuka kijivu. Mchanganyiko haukuzimuliwa kwa maji kama mkulima anavyofanya. Ulimwagwa ulivyo, kwa kipimo kilichozidi cha shambani mara kadhaa, hata mara kumi na zaidi. Jumla ya lita zilizomwagwa ni takriban milioni 77, na zaidi ya nusu ilikuwa Agent Orange. Jina hilo lilitokana na mstari wa rangi ya chungwa uliopakwa kwenye pipa. Mapipa mengine yalikuwa na mistari ya zambarau, waridi, kijani, nyeupe na bluu, na kila rangi ilikuwa na mchanganyiko wake.

Kazi ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa kuvua msitu majani ili wapiganaji wasijifiche. Ya pili, ambayo hutajwa kwa sauti ya chini, ilikuwa kuharibu chakula. Agent Blue, yenye arseniki, ililengwa kwenye mpunga. Aliyesema kwamba silaha hii ilielekezwa kwa majani hakuwa na jibu hapa, kwa sababu mpunga haumfichi mtu yeyote. Mpunga ni wa kuliwa. Mwaka 1967 watafiti wa RAND, taasisi iliyofanya kazi kwa ajili ya jeshi la Marekani lenyewe, walihitimisha kwamba njaa iliyosababishwa iliwaangukia wanakijiji kuliko wapiganaji. Mpiganaji mwenye bunduki hupata chakula mahali pengine. Mama mwenye watoto watano kando ya shamba lililoungua hana pa kwenda.

Msomaji wa pwani ya Lamu au delta ya Rufiji ataelewa haraka kilichotokea kwenye mikoko. Mikoko haivumilii kemikali hizi hata kidogo. Mara nyingi kunyunyiziwa mara moja tu kuliua msitu mzima. Zaidi ya theluthi ya mikoko ya Vietnam ya Kusini iliangamia. Katika Cần Giờ, karibu na mji wa Saigon, palibaki tope tupu na visiki, na pamoja na miti viliondoka kaa, kamba, mazalia ya samaki, kuni na nguzo za kujengea. Mwaka 1978 wananchi walianza kupanda upya, mche kwa mche, wakiingia kwenye matope hadi kiunoni. Mwaka 2000 UNESCO iliutambua msitu huo mpya kuwa hifadhi ya dunia ya bayongahewa.

Ardhi yetu pia ina ukurasa katika kisa hiki. Kabla ya Vietnam, Uingereza ilikuwa imejaribu kemikali hizihizi katika makoloni yake: Tanganyika kati ya 1950 na 1952, kupima zinavyoua miti ya nchi za joto, na Kenya mwaka 1952 na 1953, ambako 2,4,5-T ilinyunyizwa kwa ndege katika jitihada za kuondoa vichaka vya mbung'o. Kisha Waingereza wakazitumia Malaya dhidi ya waasi. Mwaka 1961 waziri wa mambo ya nje wa Marekani, Dean Rusk, alipomshauri Rais Kennedy kwamba kuua mimea vitani hakuvunji sheria ya kimataifa, alitaja Malaya kuwa mfano uliotangulia.

*Kwa ufupi hadi hapa:* kemikali za kuua magugu zilibeba dioksini iliyotokana na upishi wa haraka, zikamwagwa bila kuzimuliwa juu ya misitu, mikoko na chakula, na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba ni dawa za kawaida za shambani.

Sumu inayopenda mafuta

Dioksini haiyeyuki kwenye maji. Hupenda mafuta. Tabia hii moja inaeleza karibu kila kitu kilichofuata. Ikianguka juu ya jani penye jua kali, mwanga huivunja baada ya muda. Ikiingia kwenye udongo au kwenye matope ya bwawa, hukaa makumi ya miaka. Kwenye matope, vijidudu huimeza. Samaki hula vijidudu. Bata hula konokono na samaki wadogo. Na kila anayekula mwenzake huirithi sumu yote iliyokuwa kwenye mafuta ya aliyeliwa. Mwishoni mwa msururu kuna sahani ya mchuzi wa perege, na juu ya mchuzi ule macho ya mafuta yanayoelea, ambayo kwetu ni dalili ya samaki mzuri. Mama akila, mwili wake huihifadhi, na mafuta ya mwili yanapotumika kutengeneza maziwa, mtoto anayenyonya hupokea sehemu ya akiba hiyo. Mapema miaka ya 1970 wanasayansi wa Harvard, Robert Baughman na Matthew Meselson, waliikuta dioksini katika samaki na katika maziwa ya akina mama wa Vietnam.

Ndani ya mwili wa binadamu, nusu ya dioksini huchukua takriban miaka saba hadi kumi na mmoja kuondoka. Ndani ya seli kuna kipokezi, yaani kiti ambacho kemikali fulani hukikalia ili kuamuru jeni zifanye kazi. Kemikali za kawaida hukaa, hutoa ujumbe, kisha huinuka. Dioksini hukaa kama mgeni aliyekatalia kiti cha mwenye nyumba, na amri huendelea kutoka mwaka baada ya mwaka: ukuaji wa seli, kinga ya mwili na homoni huvurugika. Mwaka 1997 IARC ilitangaza kwamba TCDD inasababisha saratani kwa binadamu. Jopo la wanasayansi la Marekani, ambalo limekuwa likipitia tafiti zote tangu miaka ya 1990, limeona ushahidi wa viwango tofauti kwa magonjwa haya, miongoni mwa mengine:

- saratani za tezi za limfu, aina fulani za saratani ya damu, na saratani ya tishu laini;
- chunusi sugu zinazotokana na klorini, ambazo huacha makovu usoni na mwilini;
- shinikizo la damu, kisukari cha ukubwani, ugonjwa wa moyo na ugonjwa wa Parkinson;
- saratani ya tezi dume, ya mapafu na ya kibofu.

"Hawakujua"

Pingamizi linalotolewa mara nyingi ni kwamba hakuna aliyejua. Lingekuwa zito kama lingekuwa kweli. Mwaka 1949 mtambo wa kutengeneza malighafi ya 2,4,5-T ulipata ajali katika kiwanda cha Monsanto mjini Nitro, jimbo la West Virginia, na wafanyakazi wakatokwa na chunusi zile sugu. Mwaka 1953 ajali ya namna hiyo ilitokea katika kiwanda cha BASF Ujerumani. Mwaka 1957 daktari wa Hamburg, Karl Schulz, aliyekuwa akitibu wafanyakazi wa kiwanda kingine, aligundua kwamba chanzo ni TCDD, na kiwanda hicho kikajua kwamba kupunguza joto la upishi hupunguza dioksini. Machi 1965, ndege zikiwa zinaruka kila wiki, kampuni ya Dow iliwaita wazalishaji wenzake kujadili hatari ya uchafu huo. Hawakuwa na picha kamili ya saratani wala ya watoto. Walijua vya kutosha kuuliza. Na mwaka 1988 James Clary, mwanasayansi aliyefanya kazi katika jeshi la anga, alimwandikia seneta mmoja kwamba walifahamu uwezekano wa madhara, lakini kwa kuwa kemikali ilikuwa ya kutumiwa dhidi ya adui hawakuhangaika sana.

Barua hiyo inajibu pingamizi kuliko hoja yoyote ninayoweza kuijenga. Uangalifu ulikuwepo, ila uligawiwa kwa kuangalia nani yuko chini ya ndege. Tena hesabu hiyo ilikosea hata kwa walioifanya, kwani sumu haikusoma sare. Mapipa matupu yalizagaa kambini na vijijini. Yaligeuzwa ya kuhifadhia maji na petroli, mengine yakakatwa yakawa majiko ya kuchomea nyama, huku chini yakiwa bado na mabaki yanayonata. Mwaka 1969 ilithibitika katika maabara kwamba 2,4,5-T husababisha ulemavu kwa watoto wa panya walio tumboni, na Aprili 1970 jeshi likasimamisha Agent Orange.

"Iliokoa maisha ya askari"

Pingamizi la pili linastahili heshima zaidi. Kingo za mito ya delta ya Mekong zilikuwa na vichaka vizito, na boti za doria zilishambuliwa kutoka humo kwa umbali wa hatua chache. Admirali Elmo Zumwalt, aliyeongoza majeshi ya majini ya Marekani huko, aliagiza kingo zinyunyiziwe, na vifo vya mabaharia vilipungua. Mwanawe, aliyeitwa Elmo pia, alikuwa nahodha wa moja ya boti hizo. Alirudi salama, akapata saratani ya tezi za limfu, akafa mwaka 1988. Mjukuu wa admirali alizaliwa na matatizo ya kujifunza. Zumwalt aliamini kwamba kemikali ile ndiyo iliyomuua mwanawe, na bado akasema kwamba angeagiza tena, kwa kuwa iliokoa wengi. Kisha akatumia miaka yake iliyobaki kupigania haki za askari walioathirika.

Siwezi kumhukumu baba huyo. Lakini hesabu yake ina upande mmoja tu. Aliweza kuhesabu mabaharia waliorudi nyumbani. Hakuweza kuhesabu wanakijiji, kwa sababu hapakuwa na daftari lao. Utafiti wa 2003 ulioongozwa na Jeanne Stellman wa Chuo Kikuu cha Columbia, ukifuata kumbukumbu za safari za ndege, ulionyesha kwamba vitongoji zaidi ya 3,000 vilinyunyiziwa moja kwa moja, na kwamba watu kati ya milioni 2.1 na milioni 4.8 waliishi katika maeneo hayo. Silaha inayookoa askari leo na kubaki kwenye maziwa ya mama kesho haiwezi kupimwa kwa idadi ya vifo vya wiki ile.

Nani abebe mzigo wa kuthibitisha?

Kuna jambo ambalo lazima lisemwe kwa haki. Uhusiano wa dioksini na saratani kadhaa ni imara. Uhusiano wake na ulemavu wa watoto wa kuzaliwa, hasa vizazi vya pili na vya tatu, unabishaniwa na wanasayansi. Maradhi kama mgongo wazi yana visababishi vingine pia, ukosefu wa vitamini ya foliki mojawapo, na Vietnam ya vita ilikuwa na njaa, malaria na mabomu. Kupima dioksini katika damu ya mtu mmoja hugharimu mamia ya dola, na maabara zinazoweza ni chache. Utafiti wa pamoja wa Marekani na Vietnam ulivunjika mwaka 2005 kabla ya kuanza.

Wengine huchukua shaka hiyo na kuhitimisha kwamba hakuna kilichothibitishwa, basi hakuna kinachodaiwa. Hapo ndipo ninapokataa, na ushahidi wangu ni sheria ya Marekani yenyewe. Tangu 1991, askari aliyekanyaga Vietnam wakati wa vita na baadaye akaugua mojawapo ya magonjwa yaliyoorodheshwa hatakiwi kuthibitisha kwamba ugonjwa umetoka kwenye pipa. Serikali inachukulia kwamba ndivyo. Hata mtoto wa askari aliyezaliwa na mgongo wazi hulipwa. Ni utaratibu wa utu, unaokiri kwamba mgonjwa hawezi kubeba maabara mgongoni. Watengenezaji nao walikubali mwaka 1984 kutoa dola milioni 180 kwa askari wa zamani, bila kukiri kosa. Wavietnam walipofungua kesi New York, mwaka 2005 jaji aliitupa, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba dawa ya kuua mimea haikuwa silaha ya sumu kwa sheria ya wakati ule. Jina lilifanya kazi yake tena. Hata hivyo, mwaka 1969 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limetamka, kwa kura 80 dhidi ya 3, kwamba Itifaki ya Geneva ya 1925 inakataza pia kemikali za kudhuru mimea vitani. Kesi ya Trần Tố Nga, mwandishi wa habari wa zamani wa Vietnam aliyezishtaki kampuni hizo Ufaransa, ilikataliwa Paris katika rufaa mwaka 2024.

Udongo unaopikwa

Mahali palipobaki na sumu kali zaidi ni pale mapipa yalipohifadhiwa na ndege kuoshwa: viwanja vya ndege vya Đà Nẵng, Phù Cát na Biên Hòa. Đà Nẵng, kati ya 2012 na 2018, Marekani na Vietnam walijenga sanduku kubwa la zege, wakalijaza udongo na matope ya mabwawa, wakachomeka mabomba ya joto, na kuupika udongo kwa zaidi ya nyuzi 300 mpaka dioksini ikavunjika. Meta za ujazo takriban 90,000 zilisafishwa hivyo, kwa gharama ya zaidi ya dola milioni 100.

Biên Hòa ni kubwa zaidi: meta za ujazo kama 500,000, karibu na mji wenye watu wengi, na mabwawa ambamo kwa miaka mingi watu walivua perege na kufuga bata kabla ya kukatazwa. Usafishaji ulizinduliwa mwaka 2019. Siku hiyo ilikuwa imepita miaka 48 tangu ndege ya mwisho ya Ranch Hand itue.